Uwanja Ulipofika, Klabu Ilikuwa Imeshaondoka

Mwaka 2017 Kericho ilipata timu katika Ligi Kuu ya Kenya. Ligi ilipanuliwa msimu huo ikawa na timu 18, klabu ya Zoo ikapanda daraja, na Gor Mahia na AFC Leopards wakawa hawana budi kupita katikati ya mashamba ya chai kuja kucheza Kericho Green Stadium. Mwaka 2021 FIFA iliishusha Zoo kwa kosa la kupanga matokeo ya mechi, na jina la Kericho likaondoka kwenye jedwali la ligi kuu. Kisha ikafika tarehe 20 Oktoba 2023. Siku hiyo ya Mashujaa, uwanja uleule ulionekana na taifa zima ukiwa umekarabatiwa, Rais William Ruto akiwa jukwaani akizindua mpango wa afya kwa wote. Klabu iliyoupigania uwanja huo wikendi baada ya wikendi, kwenye tope na kwenye jua, haikuwa tena na mechi ya ligi kuu ya kuchezea pale.

Uwanja na klabu vilipishana njiani. Kwa sababu hiyo Kericho ni mahali pazuri pa kulijadili swali ambalo husikika kila kaunti wakati wa kampeni: je, uwanja mpya unaweza kuibadilishia bahati timu inayoyumba? Kwingine uwanja na mafanikio huja pamoja, na mtu hawezi kujua kwa urahisi kipi kimemzaa mwenzake. Hapa tunaviona vikiwa mbalimbali, kila kimoja na mwaka wake.

Wapenzi wa soka wa Kericho na Bomet wakiulizwa kwa nini mchezo wao haukui, wengi watataja uwanja kwanza. Siwalaumu. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vya michezo, na uwanja ni kitu kinachoonekana, kinachopigwa picha, kinachoweza kufunguliwa kwa utepe. Mshahara wa beki wa kushoto uliolipwa tarehe 30 hauna utepe wa kukatwa. Lakini nikiitazama safari ya Zoo, na nikiilinganisha na za wengine hapa Afrika Mashariki na mbali zaidi, naona kwamba tumekuwa tukiyaanza mambo haya kutoka mwisho. Uwanja huikuza klabu ambayo tayari ina wenyewe. Pasipo wenyewe, hubaki mahali pa kufanyia sherehe.

Tuanze na sherehe zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizojenga viwanja vingi vya kaunti zetu. Tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikizizungusha sikukuu za kitaifa nje ya Nairobi. Nakuru ilipata Madaraka mwaka huo, Nyeri mwaka uliofuata. Kisii ilipata Mashujaa mwaka 2020, Embu Madaraka 2023, Kericho Mashujaa mwaka huohuo, Bungoma na Kwale mwaka 2024, Homa Bay mwaka 2025. Ni mpango mzuri kwa namna yake. Mji ambao haukuwa na barabara ya maana hadi uwanjani huipata, na kazi ambayo ingechukua miaka kumi humalizwa kwa miezi, kwa sababu tarehe haiahirishwi. Tatizo ni kwamba mjenzi anayefukuzana na tarehe ya gwaride hujenga kinachohitajika na gwaride. Jukwaa kuu litakuwa na paa. Njia ya msafara wa rais itakuwa na lami. Mitaro ya kutoa maji chini ya nyasi haionekani kwenye runinga.

Na Kericho, jambo la kwanza ambalo mpira unahitaji ni hiyo mitaro. Chai haikupendezwa na milima hii bila sababu. Mvua hapa ni ya karibu mwaka mzima, na mara nyingi hunyesha alasiri, mara nyingine ikiambatana na mawe yanayochana majani na kuwatia wakulima hasara. Mechi za ligi yetu huanza saa tisa alasiri, maana viwanja vingi havina taa. Yaani mechi na mvua vimepewa saa ileile. Shabiki anayekaa mahali pasipo paa Kericho anajua kuwa huenda akalowa kabla ya mapumziko, na mama mwenye mtoto mgongoni atafikiri mara mbili kabla ya kununua tiketi. Ningekuwa na uwezo wa kuuliza swali moja tu kuhusu uwanja wowote wa nyanda hizi, ningeuliza maji ya mvua huenda wapi, na saa ngapi nyasi huweza kuchezewa baada ya mvua kukatika. Idadi ya viti ingefuata baadaye sana.

Kisii ni jirani. Ukitoka Bomet ukapita Sotik, hujakaa sana kwenye matatu kabla hujafika. Uwanja wa Gusii ulipata ukarabati wake kwa ajili ya Mashujaa ya 2020. Mwaka 2023 Shabana ilirudi ligi kuu baada ya miaka 17 ya kuwa nje. Mtu anaweza kusema: hiyo hapo, dawa imefanya kazi, Kericho nao wangoje miaka mitatu. Lakini tazama ni nini kilichokuwa Kisii kabla ya wajenzi kuwasili. Shabana ilianzishwa mwaka 1980. Katika miaka yote 17 ya kuzunguka madaraja ya chini, jina halikufa. Wakisii waliohamia Nairobi, Nakuru na Mombasa waliendelea kuifuata, wakiimba Tore Bobe kwenye viwanja vya watu, wakichanga nauli na mishahara pale ilipobidi. Timu iliporudi, Gusii ukajaa kwa sababu watu walikuwa wamesubiri kizazi kizima. Na uwanja huo ulipofungwa tena kwa ukarabati, Shabana ikahamia Homa Bay kwa mechi zake za nyumbani, na wafuasi wakavuka kwenda huko. Hao ndio wenyewe ninaowazungumzia. Unaweza kuwafungia lango, watatafuta lango jingine.

Zoo haikuwahi kuwa na watu wa namna hiyo kwa wingi huo, na hilo nalisema kwa heshima kwa waliokuwapo. Ilikuwa klabu changa, iliyojengwa na wachache wenye moyo, ikapanda ngazi haraka kuliko ilivyoota mizizi. Ilitoa wachezaji wazuri. Nicholas Kipkirui aling'ara akiwa Zoo hadi Gor Mahia wakamchukua, akaichezea pia Harambee Stars. Ila katika mji wa Kericho, kijana mwenye jezi ya Gor au ya Arsenal alikuwa rahisi kumkuta kuliko mwenye jezi ya Zoo. Sababu moja, naamini, ni mila ambayo eneo hili limerithi kutoka kwa mashamba makubwa.

Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilijikita Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai hawajaacha kuidai hadi leo. Zilijenga dunia kamili: nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, ukumbi, na kiwanja cha mpira kilichofyekwa vizuri katikati ya kijani kisicho na mwisho. Mfanyakazi aliyetoka Kisii, Nyanza au Magharibi alikuta goli limesimama. Hakulijenga, hakulilipia, na siku ya kuacha kazi aliliacha palepale. Ndani ya utaratibu huo mpira ni stahili anayoitoa mwajiri, sawa na unga na kuni. Wachezaji walikuwapo, mashindano kati ya mashamba yalikuwapo, lakini klabu, kwa maana ya chama cha watu kinachoweza kumfuta kazi mwenyekiti wake, haikuwa na mahali pa kuota. Leo mashamba ya Brooke Bond, ambayo baadaye yalikuwa ya Unilever, pamoja na yale ya Finlays, yameishia mikononi mwa Browns ya Sri Lanka, na mashine za kuchuma majani zimechukua kazi ya mikono mingi. Mwaka 2023 hasira dhidi ya mashine hizo iliteketeza baadhi yazo kwa moto. Mikono ikipungua, hata ile timu ya shamba inakosa watu.

Mila ya kiwanda cha sukari ilikwenda mbele zaidi ya ile ya chai, na anguko lake linafundisha zaidi. Ukanda wa miwa ulizaa timu za ligi kuu zenye jina la kiwanda na uwanja wa kiwanda: Mumias Sugar, moja ya timu za kuogopwa za miaka ya 1990, Chemelil, Nzoia, na SoNy ya Awendo, ambayo uwanja wake nao unaitwa Green Stadium. SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Timu ya mji mdogo wa viwandani, mbali na Nairobi, bingwa wa nchi nzima! Wachezaji walikuwa na ajira, basi lilikuwa na mafuta, nyasi zilikatwa. Kisha sukari ikaharibika, madeni yakapanda, mitambo ikasimama. Mumias ikatoweka kwenye soka. Msimu wa 2019/20 SoNy iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi tatu, na Chemelil ikashuka mwishoni mwa msimu huohuo. Hakuna uwanja uliobomoka katika visa hivyo. Magoli yalibaki wima. Kilichokatika ni mshahara, na hapakuwa na kundi la watu lililojiona kuwa na haki au wajibu wa kusema, timu hii ni yetu, tutaibeba kiwanda kikianguka.

Kuna mila ya tatu hapa kwetu, kongwe na yenye fahari kubwa, ambayo huwachanganya watu wanapofikiria viwanja: riadha. Wilson Kiprugut Chuma, kijana wa Kericho, alileta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800, kutoka Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1968 akaongeza fedha kule Mexico. Hakuwa na uwanja wa kisasa nyumbani. Waliomfuata walijifunza kwenye barabara za vumbi, kwenye miinuko, kwenye njia ya shule. Wakati Bomet walipojenga uwanja wao, waliuwekea njia ya kukimbilia na wengi wakauzoea kwa jina la uwanja wa IAAF; ni jambo la kueleweka kabisa katika kaunti ya wanariadha. Lakini mkimbiaji na klabu ya soka hula chakula tofauti. Mkimbiaji hushinda Doha au Boston na kurudi na zawadi yake. Mji humshangilia akishafika. Klabu huishi kwa watu wanaokuja nyumbani, Jumamosi baada ya Jumamosi, ikishinda na ikifungwa. Njia ya kukimbilia inayozunguka nyasi humsogeza shabiki mbali na mchezo, na shabiki wa soka anayeona wachezaji kama sisimizi atabaki nyumbani aangalie ligi ya Uingereza. Nasema haya nikijua kwamba uwanja wa matumizi mawili ni wa bei nafuu kuliko viwanja viwili. Ila tusishangae riadha ikinufaika nao kabla ya Silibwet Leons, timu ya Bomet ambayo imecheza National Super League, ngazi moja tu chini ya ligi kuu.

Sasa tupige hesabu, maana mjadala wa viwanja huendeshwa kwa hisia mno. Timu ya ligi yenye klabu 18 hucheza mechi 17 nyumbani. Tuchukulie kiingilio ni shilingi 200 na watu 1,000 wamelipa kila mechi. Hizo ni shilingi milioni 3.4 kwa msimu. Tuchukulie pia kikosi cha wachezaji 25, kila mmoja akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakimtajirishi mtu: ni shilingi milioni 9 kwa mwaka, kabla ya kocha, basi, hoteli, daktari, walinzi na ada ya uwanja. Mlango haulipi hata nusu. Ili mlango peke yake ulipe wachezaji, wanahitajika watu karibu 3,000 wanaolipa kila mechi bila kukosa, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna tiketi hata moja inayopotelea mifukoni mwa wanaosimamia lango. Uwanja mpya unaweza kusaidia hapo. Viti vyenye paa huongeza watu, uzio mzuri huzuia wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Lakini hata ukijaa, unatumika siku 17 kati ya 365, na mapato ya siku zilizobaki, kama vile ya mikutano, matamasha na ibada kubwa, huenda kwa mwenye uwanja, ambaye ni kaunti.

Hesabu hii inanirudisha kwa Zoo kwa huzuni. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa soka ya Kenya mwaka 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, na klabu nyingi ndogo zikabaki bila mfereji wa fedha. Mazingira ya namna hiyo ndiyo soko la wapanga matokeo, popote duniani. Mchezaji aliyekaa miezi bila mshahara ni mteja wao wa kwanza. Simtetei yeyote aliyeuza mechi, kwani aliyeuza mechi aliwaibia waliolipa mlangoni na waliocheza kwa moyo. Nasema tu kwamba kama jukwaa jipya la 2023 lingesimama Kericho mwaka 2018, ningependa mtu anieleze ni kwa njia gani lingeyazuia yaliyotokea 2021.

Dar es Salaam inatupa mizani nyingine kabisa. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ndizo klabu kubwa kuliko zote katika ukanda huu kwa wingi wa wafuasi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo zimechezea viwanja vya serikali. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007 na ni mali ya taifa. Yanga wana kiwanja chao cha Kaunda pale Jangwani, bondeni, ambako mafuriko huingia bila hodi. Azam, kwa upande mwingine, ilianzishwa na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ikapanda ligi kuu mwaka 2008, ikajengewa uwanja wake Chamazi, ikawa na nyasi, taa na chuo cha vijana. Ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Ni kazi ya kupigiwa makofi. Lakini tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, taji halijatoka mikononi mwa Yanga na Simba, wasiokuwa na uwanja wao wa kuchezea ligi. Wana wanachama. Wana matawi mitaani, wazee wanaogombana kuhusu katiba ya klabu, wanawake wanaouza jezi, watu wanaoacha kusalimiana baada ya mechi ya watani. Uwanja mzuri wa Chamazi uliipandisha Azam hadi nafasi ya kushindana na hao wawili, na hilo si dogo. Kuwatoa pale walipo ni kazi ambayo uwanja haukuweza.

Uganda wana Vipers. Klabu hiyo, iliyoitwa Bunamwaya ilipochukua ubingwa mwaka 2010, ilihamia katika uwanja wake wa St Mary's pale Kitende mwaka 2017, nayo imetwaa mataji kadhaa tangu hapo. Mwaka 2022 iliitoa TP Mazembe ya Lubumbashi kwa penalti, ugenini, ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mwenye kutaka kusifia uwanja atasimama hapo. Ila uwanja huo umejengwa kando ya shule, na shule hiyo ya sekondari ya St Mary's Kitende ndiyo moyo wa mambo yote: kwa miaka mingi imekuwa ikitoa mabingwa wa mashindano ya shule na kuwapitisha vijana hao moja kwa moja kwenye klabu. Lawrence Mulindwa, mwenye shule na klabu, alikuwa na wachezaji, walimu, mabweni na jiko kabla ya kuwa na jukwaa. Mazembe wenyewe, chini ya Moïse Katumbi, walikuwa wameshakuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, kabla ya kuhamia uwanja wao wa Kamalondo. Mwaka 2015 wakatwaa Afrika tena, safari hii wakimaliza kazi katika uwanja huo. Hapo ndipo ninapokubali bila shingo upande kwamba nyumba mpya huongeza nguvu. Iliongeza kwa waliokuwa nazo.

Nikiitazama milima yetu, nafikiri mfano wa Kitende unatufaa kuliko wa Lubumbashi. Hatuna Katumbi, lakini tuna shule za bweni zenye majina: Kabianga, Litein, Tenwek, Kericho yenyewe. Zina viwanja, vijana na walimu wa michezo. Klabu ya kaunti iliyofunga mkataba na shule nne za namna hiyo, ikawalipia vijana karo na kocha mwenye cheti, ingekuwa na kikosi ndani ya miaka mitano ambacho hakuna pesa ya Nairobi ingeweza kukinunua chote kwa mara moja.

Uingereza, ambako watu wetu hupeleka macho yao kila Jumamosi, kuna visa viwili ambavyo havitajwi kwenye runinga za hapa. Darlington, klabu ndogo ya kaskazini, ilipata mwenye mali aliyeijengea uwanja wa viti zaidi ya 25,000, uliofunguliwa mwaka 2003. Klabu ilikuwa daraja la nne, na mji haukuwa na watu wa kuvijaza viti hivyo. Kabla mwaka haujaisha, klabu ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2012 ikaondoka kabisa katika uwanja ule. Gharama za kuutunza ziliitafuna timu. Wimbledon ni hadithi ya upande wa pili. Klabu yao ilipohamishwa kwenda mji mwingine, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon mwaka 2002, wakawajaribu wachezaji kwenye kiwanja cha wazi cha umma, wakaanza daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wamerudi katika ligi ya kulipwa. Uwanja wao mpya wa Plough Lane waliuingia mwaka 2020, miaka 18 baada ya kuanza. Klabu ni mali ya mashabiki wenyewe. Waamerika nao, ambao hujenga viwanja kwa fedha za umma kuliko mtu yeyote, walielezwa na wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist katika kitabu cha mwaka 1997 kwamba viwanja hivyo havikuleta ajira na ukuaji ulioahidiwa. Magavana wetu wangeokoa fedha nyingi kwa kusoma kurasa zake chache.

Basi Kericho na Bomet wafanye nini, na uwanja tayari upo? Sitaki kusikia wazo la kujenga mwingine. Nina wazo lililoko hapahapa, kwenye vituo vya kununulia majani. Wakulima wadogo wa chai wa nchi hii wanamiliki viwanda vyao kwa hisa chini ya shirika la chai la KTDA: Momul, Litein na Kapkatet upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet. Huchagua wakurugenzi wao. Hukatwa mkopo wa mbolea moja kwa moja kwenye malipo ya majani. Walimu wa Kipsigis nao walianzisha chama chao cha akiba na mikopo, kikakua kikawa Imarisha Sacco inayojulikana nchi nzima. Watu hawa wanaijua hisa, wanaujua mkutano mkuu wa mwaka, wanaijua taarifa ya fedha, wanajua kumwuliza mkurugenzi swali gumu mbele ya watu. Mila ya kumiliki kitu kwa pamoja haihitaji kuletwa kutoka Wimbledon. Mkulima akikubali kwa hiari yake kukatwa shilingi kumi kwa mwezi kuwa mwanachama wa klabu, wakulima 50,000 wangeleta shilingi milioni 6 kwa mwaka, thuluthi mbili ya ile mishahara tuliyopigia hesabu hapo juu, kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa.

Najua pingamizi lake, nalo ni zito. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakipata bonasi ndogo kuliko wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na kila malipo yanapotangazwa kuna maandamano na wakurugenzi hutukanwa. Nani atamwendea mkulima aliyekasirika na kumwomba shilingi kumi ya mpira? Itabidi awe mtu ambaye jina lake halina doa, mwenye hesabu zilizobandikwa ukutani pa kila kituo cha kununulia majani, na katiba inayomzuia mtu mmoja kushika klabu, awe mfadhili au mwanasiasa. Baada ya jambo la 2021, Kericho haiwezi kukubali chini ya hapo. Wakulima wakikataa, klabu ianze na wachache walio tayari, hata wakiwa 500, ichezee daraja la chini, ikue polepole bila deni.

Na kaunti nayo ina kazi, nyepesi kuliko kujenga. Iandike mkataba wa miaka kumi unaoipa klabu ya wanachama siku zake uwanjani, siku ambazo hazitafutwa kwa sababu ya mkutano wa siasa au tamasha. Mkataba huo uamue nani anakusanya kiingilio, mgao wa kila upande ni upi, na nani anakata nyasi siku ambazo hakuna rais anayekuja. Uzitaje timu za wanawake na za chini ya miaka 17 kwa jina, kwa saa na kwa siku, ili zisisukumwe kwenye kiwanja cha nje kila wakubwa wanapotaka nyasi. Kabla ya kiti kingine chochote kununuliwa, fedha ziende kwenye mitaro na kwenye paa la upande wa mashabiki wa kawaida, wale wanaofika saa nane na nusu wakitazama wingu linakusanyika upande wa Msitu wa Mau.